Benki inasema namba ya siri ni yangu, na mpwa wangu anaolewa Desemba

Shangazi, salaam.

Ninauza nguo za watoto Kikuubo, hapa Kampala, huu mwaka wa kumi na moja. Baba yetu alikuwa mwanajeshi, tumekulia kambini Jinja, ndiyo maana mambo mazito bado nayawaza kwa Kiswahili. Hili sijamweleza mtu yeyote nje ya nyumba yangu.

Mara mbili kwa mwaka nafuata mzigo Dubai. Safari ya mwisho, mwezi wa nane, nilikwenda na binti wa kaka yangu. Ana miaka 24, amemaliza chuo, kazi hajapata. Nilitaka ajifunze biashara, na sitakuficha, nilihitaji pia mtu wa kubeba mifuko. Tulipanga chumba kimoja Deira, mtaa wa hukohuko Dubai, vitanda viwili, mswaki wangu na wake kwenye glasi moja.

Dola nilizifunga kiunoni, pesa nyingine niliziacha benki nikazichukue kwa kadi. Namba ya siri huwa naisahau, kwa hiyo nimeihifadhi kwenye simu kama namba ya mtu. Nimemwita "Fundi Bomba". Tarakimu nne za mwisho ndizo zenyewe. Siku ya pili miguu ilinivimba, nikampa mpwa wangu kadi ashuke kwenye ATM iliyo chini ya hoteli atoe dirhamu 500. Nilimtajia namba kwa mdomo. Akaniletea pesa na risiti, sikuona kosa lolote.

Siku zilizobaki nilinunua madukani. Kadi haikupotea hata dakika moja. Hata kijana wa duka la magauni aliyeipeleka nyuma ya pazia kutafuta mashine yenye mtandao aliirudisha palepale pamoja na hiyo mashine, nikabonyeza namba mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ilikataa. Laini yangu ya Uganda nilikuwa nimeitoa nikaweka ya kule, ili niongee na wauzaji.

Tulitua Entebbe alfajiri. Nikasimama kusubiri mabegi, nikarudisha laini yangu. Simu ikaanza kutetemeka mkononi, meseji za benki zikaja mbiombio kama kuku waliomwagiwa mahindi. Nyingi zilikuwa zangu. Mbili hazikuwa zangu: dirhamu 2,000, halafu dirhamu 2,000 tena. Ukijumlisha na makato, ni kama milioni nne za kwetu. Mpwa wangu alikuwa amesimama kando yangu, anatafuta begi lake jekundu. Sikusema neno.

Siku hiyohiyo nilikwenda benki, wakaifunga kadi. Baada ya siku tisa wakaniandikia kwamba miamala yote miwili ilifanyika kwa kadi yangu na namba yangu ya siri, kwa hiyo hawana la kurudisha. Taarifa ya akaunti inaonyesha saa 20:47 na saa 20:49, siku ya nne ya safari.

Shangazi, usiku ule naukumbuka. Niliswali isha, nikaingia kuoga. Mpwa wangu akasema kupitia mlangoni kwamba anashuka kununua maji. Ilikuwa kama saa mbili na nusu. Alirudi saa tatu imepita, na chupa mbili. Mkoba wangu ulikuwa juu ya kitanda. Baada ya hapo tukaenda pamoja ofisi ya kago kupima mzigo, na tulikaa pale tukibishana juu ya kilo mpaka karibu saa tano. Kesho yake akanunua simu mpya. Alisema mchumba wake alimtumia hela kupitia mtu anayemjua huko.

Mume wangu anasema twende polisi. Mama anasema damu haipelekwi polisi. Kaka yangu hajui chochote. Na Desemba ndiyo kwanjula ya binti huyu, wakwe wanakuja kutambulishwa, na mimi ndiye ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi. Kwa Kiganda unajua uzito wake. Ni mimi nitakayemwongoza mbele ya wageni, nimtambue bwana harusi, nimfunde. Nitamshikaje mkono mtoto ambaye moyoni namwita mwizi?

Tena baada ya wiki tatu ni lazima nirudi Dubai kuleta mzigo wa Krismasi. Kadi naiogopa. Nawaza kufunga pesa zote mwilini. Nimwulize mtoto, ninyamaze, au nijitoe kwenye kwanjula? Na safari niifanyeje?

Ssenga asiyelala, Kampala

SHANGAZI ANAJIBU

Ssenga mwenzangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye mabegi. Wewe na meseji zako, mtoto na begi lake jekundu, hamna hata hatua mbili kati yenu, na wewe umenyamaza. Kunyamaza kule umekubeba tangu Agosti. Kabla ya jambo lolote, pole.

Nikikuelewa vizuri, una mizigo miwili na umeifunga kamba moja. Kuna pesa zilizotoka na benki iliyofunga mlango. Halafu kuna binti wa kaka yako, ambaye kwa hesabu zako ndiye mtu pekee angeweza kuzichukua. Mzigo wa pili umeuweka juu ya wa kwanza: kwa kuwa benki imesema namba ni sahihi, basi aliyechukua ni anayeijua namba, na anayeijua namba ni yeye. Naomba tuifungue kamba hiyo taratibu. Sisemi hakuchukua. Sijui, na wewe pia, nadhani, hujui bado.

Tuanze na saa, kwa sababu ndiyo iliyokunyima usingizi. Taarifa inasema 20:47. Wewe ukairudisha kichwani: saa tatu kasorobo hivi, mimi nipo bafuni, mtoto yuko nje. Imelingana kabisa. Lakini 20:47 ya wapi? Dubai iko mbele ya Kampala kwa saa moja. Kama benki yako imeandika kwa saa ya huku, basi pesa zilitoka saa nne kasorobo ya Dubai, na kwa maelezo yako mwenyewe saa hiyo mtoto alikuwa amekaa kando yako kwenye ofisi ya kago mkibishana juu ya kilo. Kuna la tatu. Muamala wa kadi unaposafiri kutoka mashine hadi benki yako hubeba saa ya mahali mashine ilipo na hubeba pia saa ya GMT, ile ya kimataifa iliyo nyuma ya Dubai kwa saa nne. Ikiwa iliyochapishwa ni ya GMT, Dubai ilikuwa imeshapita saa sita na nusu za usiku na nyote mmelala, au angalau wewe ulikuwa umelala. Uone basi: saa ya kwanza inamtia mashakani, ya pili inamtoa, ya tatu haisemi kitu. Meseji ulizopokea Entebbe hazisaidii hapo, maana simu inaweza kuonyesha muda ujumbe ulipoingia badala ya muda pesa zilipotoka. Nenda benki uulize swali hili moja, kwa maandishi.

Ukiwa pale uliza na jingine, ambalo kwangu lina uzito kuliko la kwanza. Kadi yako ina chipu kwa mbele na mstari mweusi wa sumaku kwa nyuma. Mstari ule ni kama karatasi iliyoandikwa: anayeusoma mara moja anaweza kuunakili kwenye kadi nyingine tupu. Chipu haifanyi hivyo. Kila muamala hutengeneza msimbo wake mpya, ambao ukitumika haufai tena, ndiyo maana wezi hawaiwezi kirahisi. Sasa, kila muamala unapofika benki hufika umeandikwa kadi ilisomwa vipi. Kwenye rekodi, 05 ni chipu, 90 ni mstari wa sumaku, 80 ni mashine iliyoshindwa chipu ikarudi kwenye mstari. Tarakimu mbili tu. Barua yao inasema "kadi yako ilitumika", lakini haisemi ilisomwa vipi.

Wakikuonyesha 05, basi kadi yenyewe hasa, ile ya plastiki iliyokuwa mkobani, ilikuwa ndani ya mashine usiku ule. Hapo maswali ya nyumbani yanakuwa mazito, nisikudanganye. Wakikuonyesha 80 au 90, huenda kuna kadi ya pili duniani yenye jina lako. Mashine nyingi hukataa kadi ya namna hiyo kwa sababu mstari wenyewe hutangaza kwamba kadi ilipaswa kuwa na chipu, ila si zote, na benki iliyotoa kadi ina nafasi ya kukubali au kukataa. Kama waliukubali muamala wa namna hiyo, hoja yao ya "kadi yako na namba yako" inapungua nguvu sana, nawe una la kusema.

Umeniambia kadi haikupotea hata dakika moja. Sentensi inayofuata ukanisimulia pazia. Sikucheki, dada yangu. Sisi tunaokulia sokoni tunamwamini mwenye duka kabla hatujamwamini mtu mwingine yeyote. Lakini tazama tena: kadi ilikwenda mahali usipoona, ikarudi na mashine, mashine ikakataa, ukabonyeza namba mara mbili huku kijana amesimama mbele yako. Huenda mtandao ulikuwa mbaya kweli, Deira maduka yamebanana na hilo hutokea. Huenda pia nyuma ya pazia kadi ilipitishwa kwenye kijidubwana kisichozidi kidole gumba. Mwizi wa kadi anahitaji vitu viwili, mstari na namba, na pale dukani vyote viwili vilipita mkononi mwa mtu mmoja. Ile ATM ya chini ya hoteli nayo nisingeisahau. Mashine zinazosimama peke yake penye wapita njia ndizo hupachikwa mdomo wa bandia mbele ya ule wa kweli, na kikamera juu ya vitufe.

Kwa hiyo wanaoweza kuijua namba si mmoja. Mhesabu kijana wa duka. Mhesabu na yeyote aliyeishika simu yako akakutana na Fundi Bomba, maana, samahani, hiyo mbinu ni ya zamani na anayefungua simu iliyoibwa huanza na mafundi.

Simu mpya ya mtoto je? Inaniumiza kichwa kama inavyokuumiza wewe. Binti asiye na kazi, siku moja baada ya pesa kutoka. Lakini pia ni binti mwenye mchumba anayejiandaa kuja kwanjula, na wachumba wa aina hiyo huwa na mikono myepesi kabla ya ndoa. (Baada ya ndoa ni habari nyingine, tuiache.) Hata simu yenyewe haijulikani ilikuwa ya bei gani. Dirhamu 800? 3,000? Hukuandika, na nahisi hukuuliza kwa sababu uliogopa jibu.

Sasa benki. Walichokuandikia si mwisho wa njia. Andika barua ya malalamiko, si kwenda kaunta kuongea. Taja miamala miwili, tarehe, kiasi, na siku na saa ulipotoa taarifa, tena uliitoa siku ileile uliyotua, hilo ni jambo jema kwako. Omba kwa maandishi: saa ya mahali ilipo mashine, mashine iko wapi, kadi ilisomwa vipi, na kama wamedai pesa zirudishwe kupitia mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard. Baki na nakala yenye muhuri wao wa kupokea. Mwongozo wa Benki Kuu ya Uganda wa mwaka 2011 wa kulinda wateja wa huduma za fedha unaitaka kila benki iwe na utaratibu wa malalamiko, na usiporidhika baada ya kuupitia, unaruhusiwa kuyapeleka Benki Kuu yenyewe. Usikawie. Madai ya kupitia mitandao ya kadi yana ukomo, na unaotajwa mara nyingi ni siku 120 tangu muamala. Kutoka Agosti hadi leo siku zinakwisha.

Kuna mwiba hapo, na ni bora uusikie kwangu kuliko kaunta. Watakuuliza kama umewahi kumpa mtu namba. Ulimpa. Karibu kila mkataba wa kadi unasema namba ni siri ya mwenye kadi peke yake, na ukikiri wanaweza kukuwekea mzigo wote. Ukikana, utakuwa umeandika uongo kwenye malalamiko ambayo huenda yakafika mbali, na mtoto akiulizwa atasema kweli kwamba ulimtuma. Sikwambii useme nini. Ila kama ningekuwa wewe ningeingia mle nikiwa nimeshaamua, nisiamulie palepale mezani.

Tuje kwa mtoto, ambako ndiko barua yako ilikotoka.

Mume wako anataka polisi. Ana haki ya hasira, pesa ni za nyumba. Lakini fikiria mtakachowapelekea leo: karatasi yenye saa isiyojulikana ni ya nchi gani, chupa mbili za maji, na simu. Pesa zilitolewa kwenye mashine iliyoko Dubai, na picha za kamera zilizoko huko hazitunzwi milele. Huku Kampala kitakachofanyika kwa haraka ni kumwita binti kuandika maelezo, na habari hiyo itafika kwa wakwe kabla ya jibu la benki. Akiwa hana hatia, hakuna maneno ya kumrudishia siku ile. Mama naye anasema damu haipelekwi polisi. Namwelewa, ila kunyamaza kunavyozungumzwa na wazee mara nyingi si kusamehe. Ni kuhifadhi. Umeshaanza kuhifadhi. Utamfunda binti, utamwambia namna ya kuishi na mume, na kila atakapokutazama utakuwa unaona mkoba juu ya kitanda. Watoto huhisi. Hata kama hakuchukua, atajua kuna kitu, na hatakijua jina.

Kati ya njia hizo mbili iko nyembamba, na ina hatari zake. Unaweza kuongea naye, si kumshtaki. Mwambie ukweli ulivyo: tuliporudi nilikuta pesa zimetoka, benki imenikatalia, nafuatilia, nisaidie kukumbuka. Tulikuwa wapi siku ya nne? Ile ATM ya hoteli ulipotoa 500, uliona chochote, ilisita kumeza kadi, kulikuwa na mtu nyuma yako? Lile duka la magauni unalikumbuka jina? Haya ni maswali unayoyahitaji kweli, yeye alikuwepo, na kumbukumbu ya kijana wa miaka 24 si kama yetu. Asiye na hatia atapata nafasi ya kukusaidia. Mwenye hatia atapata nafasi ya kusema, na ikiwa hataitumia, huenda usijue kitu zaidi ya ulichojua. Huenda pia akalia, ukashindwa kujua analia kwa nini. Na kuna hatari kwamba atasikia shutuma hata usipoitamka, hasa ukiuliza kuhusu simu. Ningeiacha simu nje ya mazungumzo ya kwanza. Wewe unamjua, huenda ukaona tofauti.

Lini? Kabla ya jibu la benki au baada yake? Nimegeuza swali hili huku na huku. Ukisubiri 05 au 90, unakwenda na kitu mkononi, lakini ikija 05 mdomo wako hautauliza tena, utahukumu. Ukienda sasa, unakwenda mikono mitupu na huenda ndiyo njia pekee ya kwenda kama shangazi. Lakini ukienda sasa na roho imejaa, bora usiende.

Kuhusu kujitoa kwenye kwanjula, nikuulize tu: utampa kaka yako sababu gani? Ssenga hajitoi kwa mafua. Kaka atataka kujua, na hapo utakuwa umemshtaki mwanawe kwa njia ndefu zaidi. Inawezekana pia kwamba hutaweza kusimama pale, na hilo si aibu. Ssenga mwingine anaweza kushika nafasi. Lakini Desemba bado ina wiki kadhaa, na jambo hili huenda likawa na sura nyingine kabla wageni hawajavaa kanzu.

Safari ya wiki tatu zijazo haiwezi kusubiri haya yote, kwa hiyo nikwambie ninavyofanya mimi na ninavyowaona wenzako wa Kikuubo wakifanya.

Kufunga pesa zote mwilini naogopa zaidi kuliko kadi. Pesa taslimu ikiibwa imekwenda, hakuna wa kumwandikia barua. Kule, ukiingia na zaidi ya dirhamu 60,000 au thamani yake unatakiwa kutangaza, na usipotangaza zinaweza kushikiliwa. Bora ugawe: kiasi mwilini, kiasi kwenye kadi moja, na kadi ya pili ya akaunti nyingine ikae mbali na ya kwanza, si kwenye pochi moja. Akaunti ya kadi ya safari isiwe ile yenye mtaji wote. Fungua ndogo, weka ya siku mbili tatu, ikiisha ujaze kwa simu kutoka ile kubwa. Ukiibiwa utaibiwa hiyo ndogo.

Kabla ya kuondoka waambie benki unakwenda wapi na tarehe gani, na uombe kiwango cha kutoa kwa siku kishushwe. Zile 4,000 zilitoka kwa dakika mbili kwa sababu ukomo wako haukuwa wa chini. Kama benki yako ina programu ya simu inayofunga kadi kwa muda, jifunze kuitumia ukiwa bado Kampala, uifungue unapotaka kulipa na kuifunga ukitoka dukani. Hakikisha namba mpya umeibadili na si mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Na usije ukaamini ule uvumi kwamba ukibonyeza namba kinyumenyume polisi wanaitwa. Hakuna kitu kama hicho.

Laini yako ya Uganda usiitoe. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ndilo lililokunyima kujua mapema. Simu nyingi sasa zina nafasi mbili, au beba ile ndogo ya vitufe. Uliza mtandao wako gharama za kupokea meseji ukiwa nje, zima data, acha meseji ziingie. Meseji ya saa 20:47 ingekukuta bafuni, ndiyo, lakini ungekuwa umeisoma ukivaa, na siku ile ungejua saa ni ya wapi.

Pesa toa kwenye mashine iliyo ndani ya tawi la benki au ndani ya jengo kubwa la maduka, wakati benki iko wazi, ili kadi ikimezwa uwe na mlango wa kugonga. Tikisa mdomo wa mashine kabla ya kuingiza kadi. Wa kweli hautikisiki. Funika vitufe kwa mkono mwingine hata kama uko peke yako, kwa sababu kamera haikohoi. Dukani kadi haiendi nyuma ya pazia. Kama mashine iko nyuma, ifuate wewe. Na ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa dirhamu, chagua dirhamu. Wenyewe wameifunga kwenye dola kwa 3.6725 tangu mwaka 1997, hakuna mchezo hapo. Mchezo uko kwenye kile kiwango cha shilingi wanachokuonyesha.

Swali ambalo hukuliuliza ni kama utakwenda naye tena. Mwenzio mmoja angesema usithubutu. Mwingine angesema mchukue, mgawie pesa zake na kadi yake, muone anavyofanya. Mimi naona yote mawili yanawezekana na yote yanaweza kuumiza, ila ukienda peke yako mwaka huu ataelewa sababu hata usipoitaja, hasa kama hamjaongea.

Niandikie benki ikikujibu. Nataka kujua saa ilikuwa ya wapi. Na yule Fundi Bomba mfute leo, kabla hujalala.

Shangazi